Vivuli Nimezima

"Inacheza kila kitu," aliniambia muuzaji
pale Mtaa wa Aggrey, akikifuta kioo kwa mkono wa shati,
na mimi, laki nne na nusu ya kikoba mfukoni,
nilitaka kusadiki, nikasadiki.

Fundi Pazi ndiye aliyenipa ukweli, bisibisi mdomoni:
"Kadi ya picha ya hii laptopu haina kwake.
Imepanga chumba ndani ya prosesa,
RAM yenyewe inaomba kwa mwenye nyumba.
Kama nyinyi huko Manzese, milango sita, LUKU moja,
mmoja akichomeka pasi, taa za wenzake zinafifia."
Akaitoa bisibisi. "Gemu zito? Itacheza.
Ila itabidi muelewane."

Tukaanza kuelewana.
Nilipunguza ubora wa picha
mpaka nyuso za askari zikawa matonge ya ugali.
Nikazima vivuli: watu wote wa mji ule
wakawa wanatembea katika saa sita ya Februari, kama hapa,
kila mtu amekikanyaga kivuli chake.
Nikang'oa nyasi. Nikaufuta mng'aro wa mto.
Majani ya miti nikayaacha,
sijui kwa nini, niliona haya.

"Fremu kumi na nane!" nikamtangazia dada Mwanahawa.
Akauliza ziko mtaa gani, na kodi ni kiasi gani.

Joto likapanda. Kifeni cha ndani kikalia
kama nzi aliyenasa kwenye chupa ya soda.
Nikaiinua laptopu juu ya vizibo vinne,
nikaibeba feni ya mezani kutoka chumba cha pili,
nikaielekeza pale inapochemka.
Ishirini na mbili. Ishirini na nane.
Theluji ikaanza kushuka mlimani,
mimi ambaye baridi yangu yote
ni barafu ya ubuyu ya shilingi mia,
nikajikunyata kwenye singlendi.
Nikampiga farasi mbio, tukaliruka bonde

na hapohapo mtoto wa Mwanahawa akalia.
Ana vipele vya joto, mgongo mzima.
Dada hakusema neno. Alisimama mlangoni,
kanga begani, akaitazama feni.
Niliichomoa mwenyewe.

Kumi na tisa. Kumi na moja. Sita.
Farasi akabaki hewani,
miguu ya mbele ng'ambo, ya nyuma bado huku,
na theluji imesimama, kila chembe mahali pake.
Nyuma ya ukuta feni inageuza shingo, kulia, kushoto,
na kilio kinakatikakatika,
kinarudi kidogo, kinakatika tena.

Ukiniuliza kama inacheza, inacheza.
Mwanahawa anamfunika mtoto kitambaa chepesi,
mita ya LUKU inapiga mlio wa uniti za mwisho,
na hapa ndani, kidole juu ya kitufe,
namsubiri farasi atue.