Kisanduku cha Sita

Fomu ya manispaa ina visanduku tisa.
Cha sita kinauliza: Aina ya muziki.
Kisipojazwa hatupewi ukumbi,
na nje, hapa Kemijärvi, ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri;
hata kodiani inakohoa.

Mimi ni katibu. Kalamu ninayo mimi.

Andika, akasema Sulevi: kodiani
na ngurumo ya mashine ya magogo. Basi.
Raili akaitazama mikono yake.
Raili hana kodiani. Hupiga msumeno kwa upinde wa fidla
tangu mwaka ule lango la kiwanda lilipofungwa
na mumewe akarudi na chupa ya chai na utepe wa kaseti,
saa nzima ya zamu ya usiku, mashine tu,
na mtu mmoja akipiga chafya.
Utepe huo ndio uliotuzaa sote.
Nikafuta.

Andika basi: muziki wa waliofanya kazi kiwandani.
Oula akainuka, akachukua koti.
Yeye alipozaliwa kiwanda kilikuwa ghala la pikipiki za theluji.
Nikafuta.

Andika, ni wa polepole. Andika, hauchezeki.
Lakini Aulikki huucheza, peke yake, karibu na jiko,
kwa soksi za sufu, macho kafumba,
na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia anakosea.
Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mpaka. Nililichukia neno hilo usiku ule.
Mpaka wapi? Mpaka lini?
Mpaka nani?

Sulevi akagonga meza: tusipojiita, watatuita!
Kweli. Wa Rovaniemi wamekwisha kutuita,
na jina lenyewe siliandiki hapa,
maana linachekesha, na linatufaa.

Sasa niungame, kwa kuwa kumbukumbu za kikao ninaziandika mimi.
Sipigi chombo chochote.
Kazi yangu ni kubonyeza kitufe, utepe uanze.
Na kila sentensi niliyoandika usiku ule,
kabla ya kuangalia nani imemtupa nje,
niliangalia kwanza kama mimi nimo.

Saa tatu na nusu nikaandika: Mengineyo.
Hakuna aliyefurahi.
Manispaa ikatupa Jumanne,
baada ya wafuga nyuki, kabla ya kozi ya kushona zulia,
na ufunguo unaokwama.

Jumanne ya kwanza mlango ukafunguliwa na mwanamke tusiyemjua,
theluji mabegani, kasha jeusi mkononi,
la umbo ambalo hakuna kati yetu aliyelitambua.
Hapa ndipo? akauliza.
Tukatazamana.
Ndipo wapi, alitaka kusema Sulevi, nilimwona mdomo ukijipanga,
kisha akasogeza kiti kwa mguu.

Oula alikuwa bado na koti lake.
Nikabonyeza kitufe.
Tukaingoja ile chafya.