Fundo la Pongwe

Gari lilikuwa halijafika Pongwe
alipopiga kelele: simama!
Dereva akadhani ng'ombe.
Akashuka na viatu vyake vyeupe, akaruka mtaro,
akaukumbatia mkonge.
Tukasema, huyu mgeni hajui miiba.
Alijua. Ncha ikamchoma kiganja, akacheka,
akaita kama mtu aliyemwona shangazi sokoni:
Ki!

Ki ndilo jina lake huko kwao Guatemala,
San Pablo, kijiji kilichoinamia ziwa,
ziwa lililozungukwa na milima yenye moto tumboni.
Bibi yake alisokota kamba pajani
mpaka paja likaota sugu.
Mama yake alivuka mipaka miwili usiku, mja mzito,
na Nikolasa akazaliwa Losi Anjelesi,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
akajifunza kusokota kwa nyuzi za fagio la deki.

Ki.
Nililitafuna neno hilo siku nzima.
Kwetu ki ni mlango:
bila ki huingii Kidigo, huingii Kizigua,
wala Kiha cha babu yangu,
ambacho nimebakiwa nacho maneno kumi na moja,
saba ni matusi.

Babu Rusimbi alishuka na treni kutoka Kigoma
akavikwa bati shingoni:
mbili, nne, sifuri, tisa.
Hilo ndilo jina lililolipwa mshahara.
Baba alizaliwa kambini,
mimi Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
na bado jirani akikasirikia maji ya bomba
hunikumbusha: ninyi wa kuja.
Wa kuja!
Na mkonge je? Uliletwa na Mjerumani sandukuni,
miche ikafa njiani, michache ikakataa kufa.
Nani amewahi kuusimamisha shambani
akauuliza, kwenu wapi?

Usiku ghala la zamani likajaa.
Eulalio, Mgarifuna wa Honduras,
muoka mikate wa Bronksi,
alikuwa ameomba ndoo mbili za muhogo,
akaukuna, akaukamua, akauoka bapa
pana kama ungo. Ereba, alisema.
Bi Mwanakombo akamega, akatafuna, akatafakari:
"Chumvi hamna. Lakini huyu ni ndugu."
Kisha Eulalio akasimulia wazee wake
walivyotupwa kisiwani na Waingereza,
wakabaki na ngoma, na muhogo, na ubishi.
Mkalimani akachoka katikati, akanyamaza,
wala hakuna aliyelalamika.
Mtoto wa mbele akauliza:
"Mjomba, kwenu hasa ni wapi?"
Eulalio akaanza kuhesabu kwa vidole.
Vikamwishia.

Ikaja zamu yangu na Nikolasa.
Tulikuwa tumepanga iwe ishara:
tusokote kamba moja, yeye kule, mimi huku,
tukutane katikati ya ghala.
Kumbe bibi yake alisokota kwa kusukuma,
wangu kwa kuvuta.
Tulipounganisha, kamba ikaanza kufumuka,
yake ikiifungua yangu, yangu ikiifungua yake,
mbele ya umati mzima, na diwani.
Ghala likaangua kicheko.
Nikolasa akacheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tukapiga fundo.
Baya, nene kama goti la ngamia,
nyuzi zimechomoza huku na huku.
Diwani akauliza kama litakatwa kabla ya picha.
Sikumbuki nani kati yetu alisema hapana,
wala kwa lugha gani.

Wamekwisha kuondoka, yeye na Eulalio.
Kamba inaning'inia kwenye boriti, pale pale.
Masika haya paa limevuja,
fundo limenyonya maji, limevimba,
limekaza.