Ishirini Katika Milioni

Muhanna ananiita kutoka Sur:
"Umehama, Ghalia. Sikupati pale nilipokuacha."
Mie sijahama. Niko Ibra, chumba kile kile juu ya gereji,
Julai, saa nane mchana, lami nje imelainika kama tende.
Kilichohama ni sauti yangu.
Nimeiandikia kompyuta mia na arobaini na tano kamili,
antena imetamka hiyo na ziada yake:
hezi elfu mbili na mia tisa, hakuna aliyeziagiza.

Redio hii haina kifundo cha kuzungusha.
Ni kibao cha kijani, upana wa kiganja,
na mistari mia nne niliyoitunga mwenyewe
usiku wa Ramadhani, wenzangu wakicheza karata.
Basi mshitakiwa wa kwanza ni mimi.
Nikaipekua mistari kama mchele kwenye ungo,
nikaokota kokoto moja: kiwango cha sampuli
nilichokizungusha kwa uvivu kikawa milioni mbili.
Nikasahihisha. Sauti ikanyooka, nikajipongeza.
Kosa likabaki,
limekaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga.

Nikalitega.
Nikapanda hadi mia nne thelathini na tano, mara tatu ya mwanzo.
Kosa la mwandishi halikui;
lingebaki elfu mbili na mia tisa hata ningepanda wapi.
Hili lilipanda nami: elfu nane, mia saba.
Aa. Jiwe basi.
Kile kipande cha kwatzi ndani ya kijumba cha bati,
kidogo kuliko punje ya dengu, kinachohesabu kwa niaba ya wote,
kinahesabu mbio.

Ishirini katika kila milioni. Ni nini hiyo?
Saa ya ukutani ikikosea hivyo
huzidi chini ya sekunde mbili kutwa nzima,
na hakuna atakayekosa rakaa kwa ajili yake.
Lakini huko juu, mtu wa Sur anasikia bata akisoma namba.

Nikaandika: toa ishirini.
"Barabara!" akasema Muhanna.
Dakika sita. "Unateleza."
Dakika kumi. "Umerudi."
"Unateleza tena, bibi, unanichezea?"

Nikanyamaza. Nikatazama mstari ukipepesuka kwenye kioo,
ukishuka, ukipanda, kwa zamu,
na nyuma ya mgongo wangu, kila ulipogeuka,
tk.
Kiyoyozi.
Kaka yangu Zahran amekiweka kumi na nane,
kinawaka, kinazima,
kinalipulizia jiwe baridi kisha kinaliacha lipate homa,
na mimi nilikuwa nalitukana jiwe.

Nikakizima.
Nje arobaini na sita. Ndani haikukawia kufuata.
Nikachukua kopo la halua, lililobaki harufu ya zafarani tu,
nikalilaza kibao ndani, nikakizungushia pamba,
nikatoboa tundu la waya kwa msumari wa moto.
Nusu saa nilingoja, ukaya begani umelowa chepechepe.
Mstari ukatulia.
Nikapima upya: kumi na saba, si ishirini tena.

"Bado hezi arobaini," akasema Muhanna.
"Zangu au zako?"
Kimya. Uvumi tu.
"Uko wapi, Muhanna?"
"Garini."
"Juani?"
"...Juani."
Tukamwendea shahidi asiye na joto wala baridi ya Sharqiya,
saa ya setilaiti, kila mmoja kwake.
Arobaini zikagawanyika:
kumi na moja zangu, ishirini na tisa zake,
za yule yule aliyekuwa akinipimia tangu asubuhi.
Hakucheka. Nilicheka kwa niaba yake,
mbali na maikrofoni.

Kumi na moja nimeziacha. Sikio halizioni.
Nimeandika kwenye mkanda juu ya kifuniko cha kopo:
kumi na saba, kiyoyozi kimezimwa, tarehe.

Mlango ukafunguka. Zahran, jasho mpaka nyusi:
"Mnaoka mikate humu?"
Mkono wake tayari uko kwenye rimoti.

"Zahran," nikasema. "Iweke chini. Taratibu."