Mgeni Tumempa Jembe

Mara ya kwanza moto ulikuja kama mgeni:
bila hodi, mchana, kupitia msitu wa Belmiro.
Ukala mazizi mawili, ukamla na Adosinda, dadake Graciete,
aliyerudi ndani kufuata paspoti.
Tukasema ni bahati mbaya. Tukapaka chokaa.
Mwaka wa nne ukarudi. Ulikuwa umeijua njia.

Sasa hapa Vale da Urze,
nyumba thelathini na moja, watu arobaini na watatu,
hatusemi tena "ukija". Twasema "utakapokuja".

Tumekata mikalitusi.
Nalisema haraka kwa sababu halikufanywa haraka.
Baba aliipanda mwaka niliozaliwa;
kiwanda cha karatasi kikainunua, ikachipua, kikainunua tena:
karo yangu, meno ya mama, jeneza lake baba mwenyewe.
Hatua hamsini kutoka ukutani, mkutano uliamua.
Nikapima, kwanza kwa hatua za mtoto.
Graciete akanitazama.
Nikapima upya.

Belmiro hakukata. Kivuli ni chake, anasema.
Tumewaachia mbuzi wa Zulmira wajadiliane naye:
wanaingia alfajiri, wanamaliza miiba na magugu,
naye anafoka dirishani,
lakini lango halifungi.

Mengine ni madogo, hata naona haya kuyataja.
Wavu wa chuma kwenye matundu ya dari,
maana nyumba haingoji ndimi za moto,
yatosha cheche moja iliyojipenyeza kama panya.
Kuni mbali na mlango.
Kila Jumamosi niko juu ya ngazi, na miaka yangu sitini na sita,
nachokoa majani ya msonobari kwenye vigae.

Kengele ikilia mara tatu, wote uwanja wa mpira,
usio na nyasi wala timu.
Katika mazoezi ya Mei tulimbeba mzee Abílio kwa toroli.
Hasikii. Alidhani ni sherehe;
akapungia kila nyumba, kofia kifuani,
tukacheka.
Graciete akaandika daftarini: tumechelewa dakika nne.
Hakuna aliyecheka tena.

Na Februari, umande ukiwa bado mzito,
tuliwasha sisi wenyewe.
Moto mfupi, wa kutambaa,
watu wanane na ndoo tukiuzunguka
kama mtoto anayejifunza kusimama.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Huyu ametulalia miaka kumi na mitano.
Tulimpa jembe. Akalima mteremko mzima, akaacha weusi,
na Aprili ukijani ambao mbuzi walikuwa wa kwanza kuujua.

Sisemi tumeshinda.
Leo Agosti, upepo umegeuka tangu saa nane.
Gari nimeliegesha pua ikitazama barabara,
paspoti zimo mkobani, mkoba uko kando ya viatu.
Ng'ambo ya ukuta, kwa Belmiro, nasikia msumeno,
si wa mashine, mwezi huu mashine ni marufuku:
wa mkono, wa kizee,
unakwenda, unakwama,
unakwenda.