Operesheni ya Hiari

Siku ya kumi na moja ya supu isiyo nyama,
ini langu, walisema, limeshaanza kunywea,
na kijisanduku nimeshakifunga:
kanga mbili, mswaki, chaja, Yasini ndogo.
Simu ikalia saa tatu na nusu asubuhi.
Sista Lissy, mtu wa Kerala, Kiarabu chake cha kuazima,
akasema polepole kama anayemlisha mtoto:
operesheni zote za hiari zimesimamishwa.

Za hiari.
Nikakalia kijisanduku. Kikavunjika bawaba.

Hiari yashinda utumwa, alikuwa akisema bibi,
lakini bibi alikuwa mwembamba kama uzi wa kudarizia kofia.
Hiari gani, bibi?
Ya magoti yanayoamka kabla ya adhana?
Ya kuswali kitini na miaka thelathini na tisa?
Ya kulala na mashine ya pumzi usoni,
barakoa yangu, kabla dunia haijaijua barakoa?
Kilo mia na thelathini na nane.
Nilizihiari lini?

Dokta Marhun alinieleza kwa video,
mashavu yana mistari kama mtu aliyelalia mkeka:
mashine iliyokuwa inipumulie mimi saa moja na robo
imeteremshwa ghorofa ya chini.
Yampumulia fundi rangi, Mbangali wa Hamriya,
leo siku ya kumi na tisa.
Nikamwombea dua fundi rangi.
Kisha nikauliza, Mungu anisamehe, atatoka lini?
Dokta hakujibu. Hata mie sikujua naulizia kutoka kupi.

Kwenye taarifa ya habari wakasema
maradhi haya yanawapenda wazito.
Basi ndiyo hivyo:
ugonjwa wanitafuta kwa ajili ya mwili,
na mwili haupunguzwi kwa ajili ya ugonjwa.
Nikacheka peke yangu jikoni, Mabela, saa nane za usiku,
kiyoyozi kinanguruma, mkononi tonge la halwa
ya harusi iliyoahirishwa kama mimi.

Ramadhani ikaja bila wageni, lakini sahani zikaja.
Jirani anaweka sambusa mlangoni, anagonga, anakimbia
kama mtoto mtundu.
Na sahani hairudi tupu, hatukulelewa hivyo;
nikakaanga katlesi, nikagonga kwake, nikakimbia
(nilivyoweza).

Alhamisi mtaalamu wa lishe akapiga:
panda mizani, dada, nionyeshe.
Nikaigeuza kamera dirishani
nikamsomea pungufu ya kilo sita.
Washairi hutimiza mizani. Mie niliipunja.

Kwenye orodha nilikuwa wa sitini na mbili.
Mwezi wa tisa wakaniambia: wa sitini na moja.
Nikapiga kigelegele, mtoto akatoka chumbani kuangalia.
Sista, nani kafanyiwa?
Kimya. Halafu: hakuna aliyefanyiwa, mama.

Hakutaja jina. Nilijua mwenyewe,
kwa simu iliyoacha kupokelewa.
Ghaniya wa Nizwa, tuliyekaa naye kliniki,
aliyetaka apungue apande Jabal Akhdhar
akachume mawaridi kwa miguu yake.
Aliniazima kalamu tujaze fomu.
Kalamu yake ninayo bado. Inavuja.

Mwaka mwengine. Supu tena.
Kijisanduku nimekifunga kwa kamba,
pua imeshachokolewa, majibu ni salama.
Siku ya kumi na moja niliizima simu,
nikaifungia kabatini pamoja na kalamu,
nikaweka kiti mbele ya kabati, nikakaa.
Simu iliyozimwa hailii, najua.
Nilikaa hivyo hivyo.

Jua likatua nyuma ya matangi ya maji ya jirani.
Muadhini akakohoa kwanza, kisha akaadhini.
Siku ya kumi na mbili ikaingia.
Huku sijawahi kufika.