Uzi wa Kijani

Jumapili cherehani inapumzika, mimi sipumziki.
Navaa mabuti ya mpira ya Shekiondo fundi bomba,
yamenizidi namba mbili, nimeyajaza soksi,
naufuata Mkusu kwenda juu, upande wa Magamba,
mkononi ufito wa mwanzi,
mfukoni kopo la vidonge vya kikohozi,
na ndani ya kopo, nzi kumi na mmoja.

Si nzi wa kweli. Nimewafunga mwenyewe usiku,
miwani puani, kwa taa ya cherehani:
unyoya wa shingo ya jogoo wa mama Hoza
(yule mwekundu, mkorofi, anayedonoa watoto wa madrasa),
manyoya ya sungura kwa kiwiliwili,
uzi mweusi namba sitini,
na ndoana ndogo kuliko ukucha wa kichanga,
za kuagiza Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya nane,
kwa muuza vyuma asiyechoka kuniuliza:
"Dada, hizi unavulia dagaa?"

Trauti si perege.
Perege utampata hata ukipiga soga.
Huyu, kivuli chako kikitangulia majini
jioni utakula ugali na chumvi.
Kwa hiyo nainama. Natambaa kwa magoti
kati ya magugu na mawe yenye utelezi,
mama mzima wa miaka hamsini na mbili,
na wanawake wenye matenga ya plamu kichwani
wananiamkia kutoka njiani:
"Onga mshi, mwehu wa mto!"
Naitikia kwa mkono tu. Sauti nayo ina kivuli.

Kabichi zimeshuka mpaka ukingoni.
Mipira ya kumwagilia inanyonya, mmoja, mitatu, sikuhesabu tena.
Pale nilipokuwa nikivuka nimeshikwa mkono
sasa navuka kwa hatua mbili.
Lakini juu ya daraja la magogo maji bado ni baridi,
baridi ya kuuma meno,
na trauti wapo.

Kurusha ni kama kutunga uzi kwenye sindano:
ukiwa na pupa, hauingii.
Mshipi uende nyuma, uusubiri unyooke,
ndipo uulete mbele, nzi atue
kana kwamba hakuna aliyemtuma.

Wa kwanza nilimkosa. Wa pili akaja,
shibiri moja na vidole viwili,
ubavuni mstari wa waridi
kama chaki niliyosahau kuifuta kwenye kitambaa cha mteja.
Nikamshika kwa mkono uliolowa, nikamwachia.
Akakaa kidogo kwenye kiganja, kama anayefikiri,
akaenda.

Wa tatu ulikuwa mti.

Nilirusha vibaya, nzi akanasa kwenye mkuyu,
nikapanda, mabuti yakiteleza, nikijilaani,
na pale, kwenye tawi lile lile,
pembeni ya nzi wangu, nzi mwingine.
Ndoana imeliwa na kutu. Unyoya umebaki ubavu mmoja.
Lakini uzi, uzi ni wa kijani.

Kijani kile nakijua.
Mwaka wa sketi thelathini za shule
nilipungukiwa uzi sketi ya ishirini na tisa,
nikamwita Singano mwizi, mbele ya wateja.
Mdogo wangu hakubisha.
Alikunja shati lake, akapanda basi,
leo anapakia saruji Tanga, ana wajukuu
ninaowajua kwa picha za simu.
Ufito huu ni wake. Aliuacha nyuma ya mlango.

Kumbe kweli aliiba.
Nilicheka peke yangu juu ya mti
mpaka trauti wote wa lile bwawa wakakimbia.
Aliiba, akarusha vibaya kama mimi,
na tawi moja likatunyang'anya wote wawili.

Kesho, kabla ya basi la saa kumi na mbili,
nitampa kondakta bahasha.
Ndani: nzi mwenye kutu,
na kigurudumu kizima cha uzi wa kijani,
kipya, hakijafunguliwa.
Barua sitaandika.
Singano anajua kusoma mafundo.