Debe la Mwanjaa

Ukitaka kujua kama hindi liko tayari, alisema Mwanjaa,
usiziulize ndevu. Ndevu husema uongo.
Chana ganda, bonyeza punje kwa ukucha:
yakitoka maji, subiri;
ukitoka unga, umechelewa, hilo la kinu;
yakitoka maziwa, koka moto.

Alikoka yeye. Kuni za mkambala, zenye kelele nyingi.
Ilikuwa Juni, Kwamatuku, umande bado kwenye majani ya maboga,
tumenyoosha miguu ubavuni mwa banda la mbuzi
tukimenya magunia matatu kuingia sufuria moja,
ile tuliyoazima kwa mama Semboja siku ya harusi
na harusi yenyewe sasa ina watoto wawili.

Saa hatukuwa nayo. Kipimo chake kilikuwa Ayatul Kursiy,
mara saba, bila haraka.
Yakizidi hapo, alisema, utaanika uji.

Tulipukuchua yangali moto,
tukipuliza vidole, tukilaani, tukicheka,
mpaka vidole gumba vikaota malengelenge.
Tukaanika juu ya bati, mikeka miwili.
Siku ya tano likatanda wingu,
tukapanda ngazi mbio kama wezi wa nyumba yetu wenyewe.
Mwanangu Ngoda tulimpa fimbo na zamu ya kulinda kuku.
Aliila zamu yote, mpaka akashindwa chakula cha jioni.

Siku ya saba punje zilikuwa zimenywea,
zimekunjamana kama magoti ya bibi.
Magunia matatu, madebe mawili tu!
Mwanjaa akasema: Jua nalo lina tumbo.
Shukuru halimalizi.

Jivu juu, mfuniko, udongo wa kichuguu pembeni kuziba.
Lake moja, langu moja.
Akakung'uta kanga, akanitazama:
Unajua mimi nimezaliwa mwaka gani?
Jina langu linakwambia.
Mama alichemsha ndiga siku tatu, maji akimwaga, maji akimwaga,
ili kisituue kile kilichotushibisha.
Kisha akabeba debe lake kichwani, hakushika kwa mkono.

Halafu Novemba.
Kuku wake mweusi, yule asiye na adabu,
alifukua mistari yangu mitatu ya kunde.
Nikasema neno. Akarudisha neno.
Nikaongeza lile ambalo sitaliandika hapa.
Neno ni punje: ukishaling'oa kwenye gunzi
hakuna mikono inayojua kulirudisha.

Desemba tulikutana kisimani.
Ndoo ziligongana, zikasalimiana. Sisi hapana.
Januari nilimwona akirekebisha bati peke yake
nikajifanya natafuta mbuzi.

Februari ardhi ikapasuka mpaka mlangoni,
na dukani kwa Mhina unga ukawa unauzwa kwa glasi.
Nikabandua udongo. Nikapuliza jivu.
Nikaloweka vibaba viwili usiku, nikalala vibaya.

Asubuhi punje zilikuwa zimekumbuka.
Zimejaa, zimeng'aa, na jikoni
kukanuka Juni: maganda mabichi, moshi wa mkambala,
na mtu akisoma polepole mara ya sita, mara ya saba.

Nikapika na nazi, na zile kunde
chache alizozisahau kuku.
Nikafunika bakuli kwa kawa, nikavuka uwanja
nikipanga maneno, nikiyapangua.

Nikamkuta njiani, katikati ya uwanja,
naye ana bakuli, naye ana kawa.
Tukasimama kama mbuzi wawili kwenye daraja la gogo.
Hakuna aliyesema samahani.
Alichota langu kwa kidole, akaonja, akakunja uso:
Chumvi haijakolea.

Nikafunua lake. Mahindi yaleyale, Juni ileile,
na juu yake, limelala peke yake,
paja la kuku.

Sikuuliza rangi ya manyoya.
Tulikaa palepale chini, tukala.
Lilikuwa gumu lile paja, la kuku mzee,
mkaidi mpaka kwenye mfupa.